Moto wa London kwa Dakika Nne

Watoto wa miaka sita nchini England wanamjua Thomas Farriner. Huenda hawamjui waziri mkuu wao, na wengi bado wanafungiwa kamba za viatu, lakini mwokaji mikate huyu wa Pudding Lane, aliyefariki mwaka 1670, wanamjua kwa jina na kwa kazi. Wanajua kwamba moto ulioiteketeza London mwaka 1666 ulianzia kwenye tanuri lake. Wengi wao wamekutana naye kwenye filamu ya dakika tatu au nne ambayo mwalimu aliiwasha darasani kabla ya mapumziko.

Filamu kama hiyo haiji kwa bahati. Kuna mtu aliyekaa mezani akaandika agizo: inatakiwa filamu ya dakika kadhaa, kwa watoto wa umri fulani, kuhusu tukio fulani, kwa bajeti fulani, ikabidhiwe tarehe fulani. Zabuni ikatangazwa, kampuni zikaleta mapendekezo, moja ikapewa kazi. Filamu ikipendwa, sifa huenda kwa mwongozaji na waigizaji, na mwagizaji hatajwi. Lakini ni yeye aliyeamua, kabla kamera haijatoka kwenye begi, kama mtoto atapewa historia au atapewa ngano tu yenye watu waliovaa nguo za zamani. Sura hii inamhusu yeye.

Mtaala wa England uliochapishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Septemba 2014 unataka watoto wa miaka mitano hadi saba wajifunze mabadiliko ambayo watu walio hai wanayakumbuka, matukio makubwa ya zamani zaidi ya hapo, maisha ya watu mashuhuri, na historia ya mahali wanapoishi. Kwa matukio makubwa, waandishi wa mtaala walitoa mifano: moto wa London, na ndege ya kwanza kuruka. Kwa watu mashuhuri waliwataja, miongoni mwa wengine, Malkia Elizabeth I na Malkia Victoria, Christopher Columbus na Neil Armstrong, Rosa Parks na Emily Davison, Mary Seacole na Florence Nightingale. Ilikuwa mifano, si amri.

Ila mwalimu wa watoto wadogo hafundishi historia peke yake. Asubuhi anafundisha kusoma, halafu hesabu, halafu anampatanisha mtoto aliyenyang'anywa penseli na yule aliyemnyang'anya, ndipo mchana aingie mwaka 1666. Hana nafasi ya kutafiti. Anachukua mada iliyo na picha, vitabu na filamu tayari. Mwagizaji wa filamu naye anaangalia walimu wanafundisha nini, ndicho anachoagiza. Mfano uliotajwa kwa kalamu nyepesi kwenye mtaala unageuka kuwa somo la taifa zima, na historia ya mji mdogo ambao mtoto anaishi, iliyotajwa kwenye mtaala huohuo, inabaki bila filamu hata moja kwa sababu hakuna atakayeinunua nje ya mji huo.

Uingereza ina uzoefu mrefu wa kuagiza vipindi vya shule. BBC ilianza matangazo ya redio ya shule mwaka 1924. Televisheni ya shule ilianza mwaka 1957, kampuni ya Associated-Rediffusion ikitangulia mwezi Mei na BBC ikifuata mwezi Septemba. Mwaka 1967 BBC ilianzisha Watch, kipindi cha watoto wa madarasa ya chini, na miaka ya 1990 ndani ya kipindi hicho akazaliwa Magic Grandad, babu mwenye uwezo wa ajabu, aliyeigizwa na Geoffrey Bayldon. Babu huyo aliwachukua wajukuu wake na kuwaingiza katika maisha ya watu wa kale, wakaona, wakauliza maswali, wakarudi nyumbani.

Babu hakuwekwa pale kwa mapambo. Mtoto wa miaka sita hana kipimo cha miaka. Ukimwambia 1666 au 1066, kwake ni namba mbili kubwa. Anachokijua ni kwamba mama aliwahi kuwa mdogo, na bibi aliwahi kuwa mdogo kabla ya mama, na kwamba bibi ana mambo ya kusimulia ambayo mama hakuyaona. Kuanzia kwa babu ni kuanzia pale mtoto alipofikia, kisha kumsogeza hatua moja nyuma. Mtaala nao unafuata njia hiyo: kwanza yanayokumbukwa na walio hai, kisha ya mbali zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 na Keith Barton na Linda Levstik wa Marekani unamsaidia sana mtu anayeandika agizo la filamu. Waliwapa watoto, kuanzia wa chekechea hadi darasa la sita, picha za vipindi mbalimbali wazipange kuanzia ya zamani hadi ya sasa. Hata wadogo kabisa waliweza kutofautisha zamani na sasa, na walipoulizwa wamejuaje, walitaja nguo, magari, nyumba na vyombo. Tarehe hazikuwasaidia kitu wadogo hao.

Hapa ndipo wenye bajeti wanapokosea. Pesa zikipungua, cha kwanza kukatwa ni maleba: gauni la karne ya 19 linavalishwa mtu wa karne ya 17, ati mtoto hatajua. Kwa kweli mtoto ndiye pekee atakayedhurika, kwa kuwa hana kalenda nyingine. Mtu mzima akiona gauni lisilo la wakati wake anaweza kulisamehe, maana mwaka anao kichwani. Mtoto anausoma mwaka kwenye gauni lenyewe. Agizo zuri linataja mavazi, vyombo vya jikoni na taa za usiku kwa uzito uleule linaotajia urefu wa filamu, na linamtaka mtayarishaji aonyeshe michoro ya vitu hivyo kwa mwanahistoria kabla fundi hajakata kitambaa.

Gharama zenyewe ziko namna hii. Filamu ya dakika nne kwa mfumo wa televisheni ya Uingereza ni picha 25 kwa sekunde, yaani picha 6,000. Ikiwa ni katuni, na kila mchoro ukashikiliwa kwa picha mbili, bado ni michoro 3,000. Ukiamua kutumia watoto wa kuigiza, kanuni za England za mwaka 2014 zinasema mtoto wa miaka mitano hadi minane asiigize zaidi ya saa 3 kwa siku, wala asikae eneo la kazi zaidi ya saa 8, na lazima kuwe na kibali cha halmashauri. Ni kanuni nzuri, na matokeo yake ni kwamba siku moja ya kupiga picha inakuwa siku mbili. Ndiyo maana filamu nyingi za aina hii zina mtu mzima mmoja anayezungumza na kamera, au ni katuni, au ni mchanganyiko wa hivyo viwili. Maneno ya msimulizi hayazidi ukurasa mmoja na kidogo. Ukurasa mmoja wa kueleza mji ulioungua siku nne!

Sasa mwagizaji anaweka nini kwenye ukurasa huo?

Moto ulianza usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba, yapata saa saba. Kiangazi kilikuwa kikavu, nyumba zilikuwa za mbao na zimebanana, na upepo ulivuma kutoka mashariki. Meya, Thomas Bloodworth, aliamshwa, akautazama moto, akauona mdogo, akarudi kulala. Watu walikuwa na ndoo za ngozi, na kulabu ndefu za kuangushia nyumba ili moto ukose pa kupita. Ila kuangusha nyumba ya mtu kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilichelewa. Moto ulipozimika, nyumba 13,200 na makanisa 87 ya mitaa yalikuwa yameteketea, pamoja na kanisa kuu la St Paul's.

Katika filamu na michoro mingi ya watoto utaona nyumba za London zimeezekwa kwa majani, na msimulizi akisema majani ndiyo yaliyoshika moto. Si kweli. London ilipiga marufuku mapaa ya nyasi tangu karne ya 13, baada ya moto mwingine mkubwa wa mwaka 1212. Kosa hili hurithiwa: mchoraji anatazama filamu iliyotangulia, naye anaiga. Mwanahistoria anayeitwa mwisho, filamu ikiwa imekwisha kuchorwa, hawezi kubadili mapaa 300. Aliyeitwa mwanzo anayabadili kwa sentensi moja. Malipo yake ni yaleyale.

Halafu kuna jibini. Samuel Pepys, ofisa wa serikali aliyeandika shajara kila siku, aliona moto unakaribia nyumbani kwake, akachimba shimo bustanini akafukia divai na jibini lake la Parmesan. Watoto hulipenda jibini hili kuliko mfalme. Mwagizaji mzembe atalichukua kama kichekesho na kulipita. Mwenye jicho ataona kwamba hapo ndipo mlango wa historia ulipo, kwa sababu mtoto akishacheka atauliza: tumejuaje kuwa alifukia jibini? Tumejua kwa sababu aliandika. Aliandika kwa hati ya mkato, na shajara hiyo ipo mpaka leo kwenye chuo cha Magdalene, Cambridge. Filamu ikionyesha ukurasa wenyewe, wenye vialama ambavyo hata mwalimu hawezi kuvisoma, kwa sekunde 15 tu, mtoto ameshajua kazi ya mwanahistoria: kutafuta kilichoachwa na kukisoma. Hizo ndizo sekunde ambazo agizo lisipozilinda kwa maandishi zitakatwa kwanza, kwa kuwa hazina moto wala mbio.

Lililo gumu ni mtumishi. Farriner na familia yake walitoroka kwa dirisha la juu, wakapita kwenye paa la jirani. Mtumishi wao wa kike aliogopa kupita huko, akabaki, akafa. Filamu nyingi humwacha nje kabisa ili watoto wasiogope. Ni huruma, lakini huruma hiyo inamfuta mtu maskini aliyekuwa ndani ya nyumba ile na kuwaacha tajiri wake, meya na mfalme. Watoto wa miaka sita wameshahudhuria misiba. Sentensi moja ya ukweli, bila picha ya kutisha, wataibeba. Vivyo hivyo wataelewa wakiambiwa kwamba baada ya moto watu wengi walikataa kuamini kuwa ni ajali, wakawageukia wageni, Wafaransa na Waholanzi, wakawapiga mitaani. Habari za Robert Hubert, Mfaransa aliyenyongwa baada ya kukiri kosa ambalo hakuweza kulitenda kwa kuwa moto ulipoanza hakuwapo London, zinaweza kungoja madarasa ya juu. Ila darasa la leo la London lina watoto waliozaliwa Somalia, Bangladeshi na Poland, na jambo la mgeni kulaumiwa halihitaji maelezo marefu humo.

Florence Nightingale na Mary Seacole ndio waliowafundisha waagizaji somo kali kuliko moto. Nightingale aliwasili Scutari, Istanbul, mwaka 1854 pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Uingereza waliojeruhiwa katika vita vya Crimea. Seacole, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, mwaka 1805, aliomba London apelekwe kuuguza, akakataliwa, akajilipia nauli mwenyewe, akafungua nyumba yake karibu na Balaclava ambako askari walikula, wakapumzika na kutibiwa. Mwaka 2013 rasimu ya mtaala ilipoonekana kumwondoa Seacole, watu zaidi ya 35,000 walitia saini kupinga, naye akabaki.

Kipindi cha Horrible Histories cha BBC, kinachowalenga watoto wakubwa kidogo, kilikuwa na mchezo mfupi wa kuchekesha juu ya wanawake hao wawili. Ndani yake Nightingale alionyeshwa akisema kwamba alimkataa Seacole mara kadhaa kwa sababu ya asili yake. Malalamiko yakapelekwa, na mwaka 2014 BBC Trust, bodi iliyosimamia shirika hilo wakati huo, ikaamua kwamba mchezo ulikiuka kanuni ya usahihi. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 Seacole mwenyewe anaeleza kwamba alikataliwa na Wizara ya Vita na mmoja wa wasaidizi wa Nightingale, na kwamba alijiuliza kama rangi yake ndiyo iliyokuwa sababu. Kuhusu Nightingale mwenyewe anaeleza kuwa walikutana Scutari, wakazungumza kwa heshima, na akapatiwa pa kulala usiku huo.

Ubaguzi uliomkuta Seacole ulikuwepo. Yeye mwenyewe alihisi hivyo, na hakuna sababu ya kuwaficha watoto. Kosa lilikuwa kuuchukua mlango uliofungwa na watu wengine na kumkabidhi ufunguo mtu mmoja maarufu, kwa kuwa dakika zilikuwa chache na mhusika maarufu alikuwa tayari kwenye kiti. Kila filamu fupi hukutana na kishawishi hiki. Watu kumi wanakuwa mtu mmoja, miaka mitano inakuwa asubuhi moja, na maneno yanawekwa kinywani mwa asiyeyasema. Agizo linaweza kuzuia hili kwa sharti dogo: kila kauli ya mtu halisi iwe na chanzo pembezoni mwa mswada, na kisicho na chanzo kisemwe na msimulizi, si na mhusika.

Ukifanya hivyo, utakuwa na cha kujitetea siku watu watakapokugeukia. Mwaka 2014 BBC ilitoa katuni fupi ya shule kuhusu Uingereza chini ya Warumi. Baba wa familia iliyoonyeshwa alikuwa mtu mweusi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, katuni hiyo ikazua zogo mitandaoni: wapo waliodai historia imepotoshwa ili kuwafurahisha watu wa leo. Mary Beard wa Chuo Kikuu cha Cambridge, bingwa wa historia ya Roma, alisema picha ile haikuwa mbali na ukweli, akamwagiwa matusi kwa siku kadhaa. Ushahidi ulikuwa upande wake. Quintus Lollius Urbicus, gavana wa Uingereza katika karne ya 2, alitoka eneo ambalo leo ni Algeria. Mfalme Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211. Na mifupa ya mwanamke wa karne ya 4 iliyofukuliwa York mwaka 1901, pamoja na bangili zake za pembe za ndovu, ilichunguzwa na Chuo Kikuu cha Reading, na mwaka 2010 watafiti wakatangaza kuwa huenda alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Katuni haikuwa na nafasi ya kusema yote hayo. Walioifanyia kazi walitakiwa wayajue, na mwalimu awe na karatasi yenye majibu siku mzazi atakapobisha hodi.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya kuagiza filamu za mafunzo, na ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York, na viongozi wake walikuwa Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35 za kilimo, afya, akiba ya posta na mengineyo, wakazipakia kwenye lori na kuzionyesha vijijini Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Sauti waliirekodi kwenye santuri mbali na picha, ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha tofauti. Waafrika waliigiza na kubeba vyombo. Katika kuamua filamu iseme nini, hawakuwa na kauli. Watazamaji walilengwa kama watu wa kurekebishwa, na hilo linaonekana kwenye orodha ya mada: hakuna kumbukumbu ya Usambara yenyewe, ya mfalme Kimweri wa Wasambaa au ya soko la kale la Mazinde, ingawa kamera zilikuwa huko huko Usambara.

Leo ufundi upo. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa hadithi za wanyama uliochorwa kwa kufuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, ulitengenezwa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz na kuonyeshwa na CBeebies ya BBC kuanzia mwaka 2010, vipindi 52. Dar es Salaam, Ubongo walianza Ubongo Kids mwaka 2014 kwa Kiswahili, hesabu na sayansi zikiimbwa na wahusika wa katuni, na watoto wakakariri nyimbo hizo mtaani. Mchoraji yupo, mwenye sauti yupo, mtazamaji yupo. Kinachosubiriwa kwa upande wa historia ni mtu wa kuandika agizo na kulilipia.

Akitaka pa kuanzia, aende Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1976 mwanasayansi kijana, Andrew Hill, alikuwa akirushiana na wenzake kinyesi kikavu cha tembo, akaanguka akikwepa, na pale chini akaona alama za ajabu kwenye mwamba: nyayo za wanyama, na vishimo vya matone ya mvua. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikapata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, wa jamii ya mababu wa binadamu, miaka milioni 3.66 iliyopita, mstari wa mita 27 hivi. Walikanyaga majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, majivu yakakauka, mengine yakafunika. Na mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Italia, Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa mstari wa mbele, wakachapisha habari za nyayo nyingine za viumbe wawili karibu na hapo, mmoja wao akikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi.

Mtoto gani wa miaka sita atasinzia mbele ya filamu hiyo? Ina mchezo wa kutupiana kinyesi cha tembo. Ina mvua. Ina nyayo, na kila mtoto ameshawahi kukanyaga tope akageuka kutazama unyayo wake. Ina Mtanzania anayefukua na kupima. Mtayarishaji atakutana na tatizo moja la kweli: nyayo za mwaka 1978 zilifukiwa upya miaka ya 1990 ili zisiharibiwe na mizizi na mmomonyoko, kwa hiyo hawezi kufika na kamera akazikuta wazi. Agizo limwelekeze kwenye nakala zilizotengenezwa kwa kumiminia ukungu, na filamu iseme wazi kwamba hii ni nakala na kwa nini zenyewe zimefukiwa. Jingine ni la mchoraji. Atatamani kuchora baba, mama na mtoto wameshikana mikono. Nyayo hazisemi kuwa ni familia. Msimulizi anaweza kuwaambia watoto: walikuwa na uhusiano gani? Hatujui. Wewe unadhani nani? Darasa zima litanyoosha mikono.

Mekatilili wa Menza anahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1913 aliwaongoza Wagiriama wa pwani ya Kenya kukataa kodi na vijana wao kuchukuliwa na Waingereza. Alikamatwa, akapelekwa mbali magharibi mwa Kenya, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Husimuliwa kwamba alimletea ofisa wa Kiingereza kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama yake atafanya nini. Ni tukio ambalo mchora katuni angelipa pesa alipate. Lakini linakuja kwa mapokeo ya midomo, kwa namna zaidi ya moja, na kosa la Seacole na Nightingale linaweza kurudiwa hapa kwa urahisi. Dawa si kulitupa. Filamu imweke bibi wa Kigiriama anayesimulia, na watoto waone kwamba hii ndiyo njia habari hii ilivyowafikia. Masimulizi ya wazee ni chanzo kama shajara ya Pepys, na yana maswali yake kama shajara inavyokuwa na yake.

Kilwa ina sarafu. Masultani wake walizifua kwa shaba, na mwaka 1944 tano kati ya hizo ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, bila yeyote kujua zilifikaje huko. Dakika nne zinatosha kabisa.

Habari ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ingoje. Njaa na vifo vya mwaka 1905 hadi 1907 vina uzito ambao filamu ya dakika nne, kwa mtoto wa miaka sita, italazimika kuupunguza mpaka libaki jambo la maji ya kuzuia risasi tu, na wazee wa Umatumbi na Ungoni wanastahili zaidi ya hapo. Mtoto akifika darasa la tano atakuwa tayari kuipokea.

Yapo pia mambo ya kawaida ya kuandika kwenye mkataba, ambayo yakiachwa huua filamu nzuri. Sauti na picha zikabidhiwe zikiwa mbalimbali, kama walivyofanya watu wa Vugiri, ili Kiswahili cha msimulizi kiweze kubadilishwa na Kirundi, Kinyarwanda au lugha ya alama bila kuchora upya. Faili liwe jepesi, liingie kwenye kadi ya simu ya mwalimu asiye na intaneti wala umeme wa uhakika. Hakimiliki ya kila picha ya zamani ilipiwe kwa shule zote na kwa miaka yote; picha nyingi za Afrika Mashariki ya miaka 100 iliyopita zimo kwenye makumbusho na hifadhi za Ujerumani na Uingereza, na leseni ya miaka mitano ikiisha, filamu inafungiwa kabatini.

Na malipo yagawanywe. Sehemu ya kwanza itolewe mkataba ukisainiwa, ya pili mswada ukipitishwa na mwanahistoria na mwalimu wa darasa la kwanza. Sehemu ya tatu ingoje rasimu ya filamu, hata kama michoro bado ni ya penseli, ionyeshwe kwenye madarasa mawili, moja la mjini na moja la kijijini, na mtu akae nyuma akiandika watoto wameuliza nini na wamegeuza macho dakika ya ngapi. Mtayarishaji apewe wiki za kurekebisha na fedha za kurekebisha, zikiwa zimetengwa tangu mwanzo kwenye bajeti.